Mboni iliyosingiziwa matone: kisa cha kupooza kwa neva ya tatu ya jicho

Mgonjwa wa kisa hiki ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 57, mkazi wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11 na shinikizo la damu kwa miaka 6. Alikuwa akimeza metformini na glibenklamidi za kushusha sukari na amlodipini ya kushusha presha, na kadi yake ya kliniki inaonyesha kwamba hakuwa mtoro. Ameridhia kisa chake kielezwe, nami nimeondoa kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha pamoja na majina ya vituo alikopita, kwa sababu makosa yaliyotokea njiani ni makosa ambayo yeyote kati yetu angeweza kuyafanya siku yenye foleni ndefu.

Siku ya Ijumaa alianza kuumwa juu ya nyusi ya kushoto. Yalikuwa maumivu yaliyotulia mahali pamoja, hayakuenea kichwa kizima, na hakutapika wala kupata homa. Alimeza parasetamo akaendelea na kazi. Jumatatu asubuhi alikaa kwenye cherehani, akanyoosha uzi ili autunge kwenye tundu la sindano, akaona sindano mbili, moja ikiwa pembeni na juu kidogo ya nyingine. Alifumba jicho la kulia, ikabaki moja. Akalifungua, akafumba la kushoto, ikabaki moja vilevile. Bila kujua, alikuwa amejifanyia kipimo cha kwanza na cha maana kuliko vyote, kwa sababu mtu anayeona viwili kwa macho yote mawili na kimoja anapofumba lolote kati yao, kwa kawaida tatizo lake si la lenzi wala la retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga: macho yake hayaelekei mahali pamoja, na chanzo kitafutwe kwenye misuli, kwenye neva zinazoiendesha, au kwenye shina la ubongo zinakotoka neva hizo.

Mchana wa siku hiyo alikwenda kwenye zahanati. Sukari ilikuwa milimoli 14.2 kwa lita na kope ya kushoto ilikuwa imeshuka kidogo. Aliambiwa kwamba ni sukari imepiga mshipa wa jicho, akaongezewa dozi ya dawa, akaandikiwa aspirini ndogo, akaambiwa arudi baada ya mwezi mmoja. Jumatano, kope ilipokuwa imefunika nusu ya jicho, binti yake alimpeleka kwenye kliniki ya macho. Huko walifanya jambo ambalo kila mgonjwa wa kisukari anastahili kufanyiwa angalau mara moja kwa mwaka: saa nane mchana walimtia matone ya tropikamaidi, dawa ya kupanua mboni, kwenye macho yote mawili ili wachunguze retina. Retina ilikuwa na madoa machache tu ya kisukari. Kwenye daftari waliandika kwamba mboni zimepanuliwa kwa dawa, lakini hawakuandika popote mboni hizo zilikuwa na ukubwa gani kabla ya dawa.

Alhamisi saa tatu asubuhi alifika kwetu. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akasema, “Mwanangu, mimi naomba miwani tu, jicho hili limechoka.” Kope ilikuwa imefunika robo tatu ya jicho. Hakuwa tena akilalamikia kuona viwili, na hilo halikuwa nafuu: kope iliyoanguka imekuwa pazia, na nilipoinyanyua kwa kidole gumba viwili vikarudi papo hapo. Jicho lenyewe lilikuwa limeelekea nje na chini kidogo. Halikuweza kuvuka katikati kuelekea puani, lilipanda juu kwa shida na kushuka kwa shida, lakini kuelekea nje lilikwenda lote bila kusita, kwa hiyo neva ya sita, inayovuta jicho kuelekea nje, ilikuwa salama. Neva ya nne huwa ngumu kuipima katika hali hii, kwa sababu msuli wake hushusha jicho lililogeukia puani, na jicho hili halikuweza kugeukia puani. Njia iliyobaki ni kuchagua kishipa kimoja chekundu kwenye weupe wa jicho, kumwambia mgonjwa atazame chini, na kuangalia kama kile kishipa kinazunguka kuelekea puani. Kilizunguka. Neva ya nne ilikuwa inafanya kazi, nami nikabaki na neva moja tu iliyopooza, ya tatu.

Neva ya tatu ndiyo inayoendesha misuli minne kati ya sita inayogeuza jicho, pamoja na msuli unaoinua kope. Nyuzi nyingine, nyembamba mno, husafiri ndani ya neva hiyohiyo na kwenda kuifanya mboni isinyae inapopigwa na mwanga. Kisa kizima kimesimama juu ya nyuzi hizo, kwa hiyo nitaeleza zinakopita.

Ikitoka kwenye shina la ubongo, neva ya tatu hupenya kati ya ateri mbili, ile inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo na ile inayolisha sehemu ya juu ya serebelamu, yaani ubongo mdogo wa kisogoni, kisha husafiri ikiwa imekaribiana sana na ateri unganishi ya nyuma, ambayo ni kamshipa kafupi kanakounganisha ateri ya karotidi ya ndani na mzunguko wa nyuma wa damu. Baada ya hapo huingia kwenye ukuta wa sinasi kavernosi, yaani mkusanyiko wa vena ulio pembeni mwa tezi ya pituitari chini ya ubongo, na hatimaye hutokea ndani ya tundu la jicho. Nyuzi za mboni hazikai katikati ya neva; zimelala juu, kwenye ganda, upande wa juu na wa ndani. Huko juu zinalishwa na vishipa vya utando unaoifunika neva, wakati kiini cha neva kinalishwa na vishipa vidogo sana vinavyopenya ndani yake.

Kisukari na shinikizo la damu hunenepesha kuta za vishipa hivyo vya ndani na kuvibana, mpaka siku moja damu haitoshi na kiini cha neva kinakufa njaa. Hiyo ndiyo sababu kope huanguka na misuli hulegea, lakini mboni mara nyingi hubaki nzima: ganda halikukosa damu. Kifuko kilichovimba kwenye ukuta wa ateri, yaani aneurizimu, hufanya kinyume chake. Chenyewe husukuma neva kutoka nje, na cha kwanza kukigusa ni lile ganda, kwa hiyo mboni hupanuka na kuacha kuitikia mwanga. Kutokana na tofauti hiyo madaktari wamerithishana kanuni moja, kwamba mboni iliyo salama ni dalili ya kisukari na mboni iliyopanuka ni dalili ya aneurizimu.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ina masharti ambayo husahaulika kuliko yenyewe inavyokumbukwa. Hutumika tu pale ambapo sehemu nyingine zote za neva zimepooza kabisa, yaani kope imefunga jicho lote na misuli yote minne imekufa ganzi, na bado mboni ni nzima. Kope ikiwa imeshuka nusu na misuli imedhoofika bila kufa, mboni iliyo nzima haithibitishi chochote, kwa sababu huenda aneurizimu ndiyo kwanza inaanza kusukuma na haijafika kwenye nyuzi za mboni. Kwa upande mwingine, karibu theluthi moja ya wagonjwa ambao neva yao imeathiriwa na kisukari huwa na mboni iliyoguswa kidogo, ila tofauti kati ya macho mawili kwa kawaida haizidi milimita 1. Maumivu nayo hayatenganishi, maana wengi wenye kisukari huumwa juu ya nyusi sawasawa na wenye aneurizimu. Na hali kuzidi kuwa mbaya kwa siku kadhaa hakutenganishi pia, kwani aina ya kisukari huweza kuendelea kushuka kwa wiki nzima au zaidi kabla haijatulia.

Hivyo Alhamisi ile swali lilikuwa moja: mboni ya kushoto ikoje? Nilizima taa ya chumba, nikafunga pazia, nikawasha tochi ndogo na kuielekeza kutoka pembeni, si kutoka mbele. Nalitaja hili kwa makusudi. Macho ya wagonjwa wetu wengi ni ya kahawia iliyokolea, na katika chumba chenye mwanga hafifu mpaka kati ya mboni na duara la rangi linaloizunguka hauonekani. Mtu anayetazama haraka huona weusi mtupu na kuandika kwamba mboni ni sawa. Mwanga ukitoka pembeni, ule mpaka hujitokeza kama ukingo wa kisima. Mboni ya kulia ilikuwa milimita 3 na ilisinyaa mara moja. Ya kushoto ilikuwa milimita 5 na ilisinyaa kivivu, kidogo tu, kisha ikarudi.

Daktari mwenzangu kijana aliyekuwa amempokea mgonjwa alifungua daftari la kliniki ya macho, akaniambia kwamba ni yale matone ya jana. Simlaumu. Maelezo hayo yalikuwa yameandikwa, yalikuwa na muhuri, na yalitosheleza kila tulichokiona. Aliyenisimamisha ni binti wa mgonjwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mama yake. “Daktari,” alisema, “jana jioni nilimmulika kwa tochi ya simu, macho yote mawili yalikuwa meusi tii. Leo la kulia limerudi kama zamani, hili bado.”

Matone yalitiwa kwenye macho yote mawili, saa ileile, kutoka kwenye chupa ileile. Nguvu ya tropikamaidi kwa watu wengi huisha ndani ya saa chache, na hata kwa yule ambaye humwishia taratibu, macho mawili ya mtu mmoja hurudi yakifuatana. Zilikuwa zimepita saa 19. Jicho la kulia lilikuwa limerudi. Kama la kushoto lilipanuliwa na dawa peke yake, lingekuwa limerudi nalo. Kilichokuwa kinalizuia hakikutoka kwenye chupa.

Kipo kipimo cha kuhakikisha. Tone la pilokapini la asilimia 1 husinyaza mboni iliyolegea kwa sababu neva imepooza, lakini hushindwa au husuasua mbele ya mboni iliyofungwa na dawa ya kupanua. Dawa hiyo tunayo, kwa kuwa hutumika kwa wagonjwa wa presha ya macho. Nilishika chupa, nikairudisha. Kama mgonjwa huyu alikuwa na aneurizimu, saa chache zijazo mboni yake ndiyo ingekuwa kengele yetu. Ikianza kupanuka zaidi tungejua kwamba hali inabadilika, na wapasuaji wangeitazama hiyohiyo. Kuichezea kwa dawa ya pili, ilhali uamuzi wa kupiga picha ulikuwa umekwishafikiwa, kungekuwa kurudia kosa la jana kwa chupa nyingine.

Kabla ya picha nilipitia mambo mengine ambayo mishipa ya damu huweza kuyafanya kwenye njia hiyo ndefu ya neva. Kiharusi kidogo ndani ya shina la ubongo huweza kuipooza neva ya tatu mahali inapozaliwa, lakini huko imezungukwa na nyuzi zinazoshuka kwenda mikononi na miguuni, kwa hiyo mgonjwa huwa na udhaifu wa upande wa pili wa mwili, picha iliyoelezwa na daktari Hermann Weber mwaka 1863, au mkono wa upande wa pili hutetemeka. Mgonjwa wetu alitembea mstari mmoja bila kuyumba na mikono yake ilikuwa na nguvu za mtu anayekanyaga cherehani kila siku. Ugonjwa ndani ya sinasi kavernosi, uwe damu iliyoganda au aneurizimu ya karotidi humo ndani, kwa kawaida haushiki neva moja peke yake. Huibeba na ya nne, ya sita na ile ya hisia za paji la uso. Pamba niliyomgusisha kwenye paji na kwenye konea aliihisi sawa pande zote. Tezi ya pituitari ikivuja damu ghafla huleta maumivu makali ya kichwa na kupunguza uono, na uono wake haukupungua. Uvimbe wa mishipa wa arteritisi ya seli kubwa, ambao kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra lakini si kwamba haupo, nilimuulizia kwa maumivu ya taya anapotafuna na kwa ngozi ya kichwa inayouma akichana nywele. Hakuwa na hata moja. Miasthenia, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi, huangusha kope na kuvuruga macho kwa namna inayoweza kuiga neva yoyote, ila haigusi mboni kamwe, kwa hiyo iliondoka mara moja.

Fistula, yaani tundu linalovujisha damu kati ya ateri ya karotidi na sinasi kavernosi, niliipa sekunde chache tu, kwa kuweka stethoskopu juu ya kope iliyofungwa na kusikiliza. Kimya. Nataja hilo kwa sababu naona vijana wengi wanaoletwa baada ya ajali za bodaboda wakiwa na jicho jekundu lililotokeza na kuvimba, wakatibiwa wiki mbili kwa matone ya antibayotiki, hadi mtu mmoja anapoweka stethoskopu na kusikia mvumo unaofuata mapigo ya moyo. Ni kipimo kisichogharimu chochote.

Saa saba mchana alipigwa picha ya CT ya kichwa bila kontrasti, yaani bila dawa inayodungwa ili mishipa ya damu ionekane. Majibu yalisema hakuna damu, hakuna uvimbe, ubongo ni wa kawaida kwa umri wake. Hapa ndipo kisa kilipokaribia kupotea mara ya tatu. Ndugu walishukuru Mungu, bima ilikuwa imelipia picha hiyo na isingelipia ya pili siku hiyohiyo bila barua, na wodi ilikuwa imejaa. Lakini picha ile ilijibu swali ambalo hatukuwa tumeliuliza. Ilituambia kwamba kifuko, kama kipo, hakijapasuka. Haikutuambia kama kipo. Aneurizimu yenye ukubwa wa kusukuma neva, ambayo mara nyingi huanzia milimita 4 au 5, huweza kujificha kabisa kwenye picha isiyo na kontrasti, na huonekana vizuri kwenye CT ya mishipa ya damu, pale dawa inapodungwa kwenye vena na picha kupigwa wakati dawa inapita kwenye ateri.

Kulikuwa na pingamizi moja la haki, nalo ni figo. Kontrasti huweza kuzidhuru figo za mgonjwa wa kisukari. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo, ilikuwa mikromoli 98 kwa lita, kiwango ambacho kwangu hakikutosha kuizuia picha. Tulimwongezea maji kwa dripu, tukasimamisha metformini kwa saa 48, tukasimamisha na ile aspirini. Tofauti ya gharama ndugu waliichanga jioni ile kwa simu, mmoja baada ya mwingine, na saa tatu usiku picha ilipigwa.

Pale ateri unganishi ya nyuma inapotoka kwenye karotidi ya kushoto kulikuwa na kifuko cha milimita 7, kimeelekea nyuma, mahali hasa ambapo neva ya tatu hupita.

Mahali hapo pana historia yake. Tarehe 23 Machi 1937, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mpasuaji wa ubongo Walter Dandy alimfungua kichwa mgonjwa mmoja aliyekuwa amepooza neva ya tatu, akakuta aneurizimu ya karotidi kwenye chimbuko la ateri hiyohiyo, na akaibana kwenye shingo ya kifuko chenyewe kwa klipu ya madini ya fedha. Huo ndio unaohesabiwa kuwa upasuaji wa kwanza wa kubana shingo ya aneurizimu ya ubongo kwa klipu. Ni kope iliyoanguka iliyomwonyesha Dandy mahali pa kufungua, wakati ambapo hapakuwa na CT wala MRI, na inanigusa kufikiri kwamba dalili ileile, inayoonekana kwa macho matupu, bado inatosha kutuelekeza leo, tukiitazama.

Tulimwambia mgonjwa ukweli usiku ule, binti yake akiwa amemshika mkono. Aneurizimu iliyoanza kuipooza neva hailinganishwi na ile inayogunduliwa kwa bahati kwa mtu asiye na dalili. Kuipooza neva ni ishara kwamba inakua au ukuta wake unabadilika, na hatari ya kupasuka iko karibu. Ikipasuka, damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo, na zaidi ya theluthi moja ya wanaopatwa na hilo hufariki, wengine wakiwa hawajafika hospitalini. Alinyamaza kidogo, akauliza kama atashona tena. Nilimjibu kwamba kazi ya kwanza ni kuhakikisha yupo. Jicho huenda likarudi, huenda likarudi nusu.

Presha yake ilikuwa 168 kwa 94. Tuliishusha taratibu, tukalenga ile ya juu isivuke 160 na isishuke ghafla, tukampa dawa ya maumivu na ya kulainisha choo ili asijikamue, tukamlaza chumba chenye utulivu. Mboni zilipimwa kila saa na kuandikwa, na muuguzi wa zamu ya usiku alichora duara mbili pembeni mwa kila mstari ili ukubwa uonekane kwa jicho, si kwa tarakimu peke yake. Hadi alfajiri mboni ya kushoto ilikuwa imefika milimita 6. Ijumaa alisafirishwa na muuguzi kwenye gari la wagonjwa hadi hospitali yenye wapasuaji wa ubongo, na Jumatatu akafanyiwa upasuaji. Kifuko kilibanwa kwa klipu. Mpasuaji alisimulia kwamba neva ilikuwa imebandikwa juu ya kifuko, imebapa kama utepe. Kujaza kifuko kwa koili, yaani nyaya laini zilizosokotwa, kupitia ateri ya paja ni njia nyingine nzuri, na katika sehemu nyingi duniani ndiyo huchaguliwa kwanza. Hapa uchaguzi ulitokana na vifaa vilivyokuwepo siku hiyo na mikono iliyokuwa na uzoefu navyo, na nadhani ulikuwa sahihi.

Nikiirudia njia aliyopita, siioni shida kubwa kwenye zahanati kusema kwamba ni sukari. Kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari na presha, vishipa vidogo vilivyoziba ndicho chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, na kingekuwa hicho, neva ingejirudia yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi bila upasuaji wowote. Shida ni kwamba aliambiwa arudi baada ya mwezi. Hukumu ya sukari katika neva ya tatu ambayo haijapooza kabisa ni hukumu ya muda, na mgonjwa aliyepewa hukumu hiyo anatakiwa kuonekana tena kesho yake na siku zinazofuata katika wiki ya kwanza, mboni ikipimwa kila mara, kwa sababu katika siku hizo ndipo aneurizimu hujitenga na kisukari. Pale ambapo CT ya mishipa inapatikana, mimi sisubiri hata hiyo wiki. Naipiga siku ya kwanza kwa kila neva ya tatu, awe na kisukari au asiwe nacho. Najua wapo wenzangu wanaoona kwamba huo ni uharibifu wa fedha za wagonjwa maskini, na hoja yao naipa uzito, ila kwa neva ya sita au ya nne iliyopooza peke yake kwa mzee mwenye kisukari, asiye na dalili nyingine, nakubaliana nao kabisa na huwa nasubiri. Neva ya tatu ni jambo jingine kwa sababu ya ujirani wake na ateri ile.

Kuhusu matone, nina hakika zaidi. Kupanua mboni za mtu aliyeangukwa na kope kabla ya kuzipima na kuziandika ni kufuta ushahidi. Kliniki ile ilikuwa na nia njema na ilifanya kazi yake ya retina vizuri. Ilichokosa ni mstari mmoja kwenye daftari, kulia milimita ngapi, kushoto milimita ngapi, saa ngapi. Mstari huo ungekuwepo, huenda siku moja ingeokolewa, na hatungelazimika kuegemea kumbukumbu ya binti na tochi yake ya simu. Sasa kwetu chupa ya tropikamaidi imefungwa karatasi kwa mpira, na kwenye karatasi hiyo muuguzi huandika mboni za kila mgonjwa kabla ya kufungua kifuniko.

Kope ilianza kuinuka wiki ya tatu baada ya upasuaji. Mwezi wa pili jicho lilivuka katikati kwa mara ya kwanza. Alipokuja mwezi wa nne mboni ilikuwa bado milimita 4, na akitazama juu bado anaona viwili, lakini mbele na chini, ambako fundi cherehani hutazama, anaona kimoja. Nilimwomba anionyeshe anavyokaa kazini. Akainamisha macho kuelekea mikononi mwake kana kwamba anatunga uzi, na kope ya kushoto, badala ya kufuata jicho kushuka, ikapanda juu na kuacha weupe wazi. Nyuzi zilizokatika kwenye neva zimeota upya na baadhi zimepotea njia. Zile zilizokuwa za msuli wa kushusha au wa kuvuta jicho ndani zimeishia kwenye msuli wa kope. Neva iliyokosa damu kwa sababu ya kisukari haioti hivyo. Ni iliyobanwa au kuumizwa ndiyo hupotezana njia, na kama kungekuwa na shaka yoyote iliyobaki juu ya kilichompata, kope ile ingeimaliza. Binti yake alicheka, akasema mama sasa akishona anaonekana kama anashangaa. Mama akasema wateja wameshamzoea, kisha akafungua mkoba akanionyesha gauni la sherehe alilolimaliza wiki hiyo, pindo lote limeshonwa kwa mkono.